Tochi ndogo ya mfukoni: anza na mwanga wake wa chini, hizo lumeni elfu kumi waachie wenyewe

Mkuu swali lako nimelisoma lote, nitajibu kwa urefu kidogo maana hili jambo liko kwenye damu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar, kazi zangu nyingi ni juu ya dari au mbele ya DB (lile boksi la swichi za umeme wa nyumba) umeme ukiwa umezimwa, kwahiyo tochi inakaa mfukoni kuliko hata testa. Umesema unataka ndogo ya kutembea nayo kila siku, iwe na mwanga mdogo, wa kati na mkubwa, isiwe na ile disko disko ya kupepesa, bajeti isizidi laki, halafu kuna moja umeiona Kariakoo imeandikwa lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa elfu kumi na tano unauliza kama ni dili.

Tuanze na hiyo. Hilo ni changa la macho aisee. LED za kwenye tochi hizi ukitoa kinachopotea kwenye saketi na kioo zinakupa kama lumeni 100 kwa kila wati moja, kuna zinazozidi na kuna zinazopungua lakini shika hiyo. Lumeni 10,000 maana yake wati 100. Betri moja ya 18650, ile nene yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ina volti 3.7, sasa gawanya mwenyewe, inabidi isukume ampea 27 mfululizo, na joto lote hilo litoke kwenye kibati chenye unene wa dole gumba. Pasi ya kulehemu ya fundi redio ni wati 40 au 60 na hakuna anayeishika kwenye ncha. Hizo tochi ukizipima kiukweli nyingi zinacheza kwenye mia mbili mia tatu, na hazitangazi modi (kiwango cha mwanga) ya chini kwasababu hazina, au wanayo moja ambayo ni nusu ya ile ya juu basi.

Na hapo ndio ushauri wangu wote ulipo, mengine ni maelezo tu: tochi ya mfukoni ichague kwa mwanga wake wa chini na namna unavyoufikia, sio wa juu. Fikiria unaitumia wapi. Kuingiza token kwenye luku imeisha saa nane usiku, kutafuta ufunguo, kumuangalia mtoto aliyelala bila kumuamsha, kwenda chooni, kumsaka mbu aliyeingia ndani ya neti. Zote hizo ni kazi za ndani ya urefu wa mkono. Hiyo ya neti ndio mtihani wangu, mulika neti nyeupe na lumeni 300 uone, mwanga wote unakurudia machoni unaona weupe mtupu na mbu anaendelea na shughuli zake, shusha mpaka 10 au 15 unamuona kakaa pale kwenye pindo. Na jicho ambalo limetoka usingizini halitaki hata hizo 10, linatosheka na lumeni moja, hata nusu. Mwanga wa nusu lumeni mchana utadhani tochi mbovu, ila usiku wa manane unavuka nao chumba kizima bila kugonga stuli.

Kingine, macho hayahesabu mwanga kama mashine. Ili wewe uone umeongezeka mara mbili, lumeni inabidi ziongezeke karibu mara nne. Kwahiyo tochi yenye modi za 200, 300 na 400 kwa jicho ni modi moja iliyoandikwa mara tatu, umelipia kubonyeza bure. Mpangilio ninaoukubali mimi ni unaoruka, yaani nusu au 1, halafu 10 hivi, halafu 50 au 60, halafu 200, na kinachobaki huko juu ni bakshishi, utakitumia mbwa akibweka kwenye uzio au ukitaka kujua nani yuko getini. Kazi za darini mimi nazimalizia kwenye hiyo 50 mpaka 100, ukizidisha vumbi na silingi bodi nyeupe vinakuchoma macho halafu ukiangalia kivulini huoni kitu.

Sasa mpangilio wa swichi, hapa ndio watu wanajuta baadae. Jiulize nikiiwasha inaanzia wapi? Kuna zinazoanza juu kwanza, hizo usiku ni adhabu. Kuna zinazokumbuka modi ya mwisho, nzuri mpaka siku uliyoizimia kwenye turbo, yaani mwanga wa juu kabisa, halafu unaiwasha kitandani, mtaa mzima unaamka. Swichi ya kitakoni ile ya kubonyeza kwa nguvu ikalia ta, nyingi zinabadili modi ukibonyeza nusu, ni imara na ukiizima imezima kweli, ila kuipata modi ya chini mara nyingi inabidi uzunguke zote, na kama strobe, yaani ile disko, iko kwenye huo mzunguko basi kila ukitafuta mwanga mdogo unapita kwenye disko. Mimi strobe kwenye mzunguko wa kawaida siitaki hata kwa bure, iwe imefichwa huko kwenye kubonyeza mara tatu au isiwepo. Ninayoipenda ni swichi ya ubavuni ambayo ikiwa imezimwa ukishikilia inawaka kwenye kiwango cha chini kabisa, ukibonyeza mara moja inarudi kwenye kiwango chako cha kawaida, ukibonyeza mara mbili chap inapanda juu kabisa. Hapo unafika kokote kutokea kokote, gizani, bila kuhesabu.

Kama wewe ni mtu wa kupenda kuseti vitu kuna programu inaitwa Anduril, inakaa ndani ya tochi za kampuni kadhaa za Kichina, hii unashikilia swichi mwanga unapanda taratibu kama kufungua bomba, unaachia pale unapotaka, na unaweza kuiwekea mwenyewe kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa isivuke hapo. Toleo la pili lina hali rahisi ambayo imefungia makorokoro yote, iache hivyo hivyo kama tochi inashikwa na nyumba nzima, maana mtu akibonyeza bonyeza kwenye hali kamili anaingia kwenye modi za kuigiza mishumaa na radi asijue pa kutokea. Njia nyingine ni tochi inaitwa Convoy S2+, yenyewe ina swichi ya kitakoni lakini saketi yake imekuja na makundi 12 ya modi, unachagua kundi unalotaka, la modi tano, tatu, mbili au hata moja tu, na yapo yasiyo na disko kabisa. Kwa mtu anayetaka modi zake mwenyewe bila mambo mengi hiyo ni ngoma nzuri.

Rangi ya mwanga, hapa nivumilie mkuu maana ndio kazi yangu. Tochi nyingi za bei chee zina mwanga mweupe wa kubluu, wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 hivi, na uwezo wake wa kuonyesha rangi ni mdogo, wanaupima kwa namba inaitwa CRI, mwisho 100, hizo nyingi zipo kwenye 70. Mwanga wa namna hiyo unakula nyekundu. Waya wa kahawia, mwekundu uliochakaa na mweusi wenye vumbi vinafanana kabisa, na nyumba zetu zimechanganyika, za zamani zina laivu (waya unaoleta umeme) nyekundu na newtro (unaorudisha) nyeusi, za sasa laivu kahawia na newtro bluu. Ukienda kwenye fezi tatu ndio balaa, mfumo wa zamani bluu ni fezi, mfumo wa sasa bluu ni newtro, nyeusi nayo zamani newtro sasa hivi ni fezi. Testa inabaki palepale, sisemi uamini macho, lakini mimi sipandi dari na mwanga wa kubluu. Tafuta iliyoandikwa CRI 90 na kelvini 4000 mpaka 5000. Hata kama sio fundi utaiona tofauti ukimulika nyama jikoni umeme umekatika, au kidonda, au ukitaka kujua soksi ipi nyeusi ipi bluu. Utapoteza kidogo kwenye wingi wa lumeni, jicho halitalalamika.

Betri. Ya AAA ndio nyembamba kabisa, inakaa kama kalamu, Olight i3T kwa mfano ina modi mbili tu, lumeni 5 na 180, inaanza na 5, na kuna watu hiyo inawatosha maisha. AA ndio ninayoitembeza mimi kwasababu betri zake zipo mpaka kwenye kibanda cha vocha. Tumia za kuchaji za NiMH, ya miliampea saa 2000 kwa volti 1.2 ina kama watisaa 2.4 (kiasi cha umeme kilichomo), maana yake kwenye lumeni 100 unapata kama saa mbili na kwenye 10 unapata usiku mzima na zaidi. Alikalaini zitumie kwa dharura tu, ukizisahau ndani zinavuja na tochi inakufa kwa kutu ya kijani. 18650 ina watisaa 10 hivi, mara nne ya AA, inafaa kama unarudi kijijini au unalinda shamba, ila kwenye suruali ya kitambaa inavuta mfuko chini. Kwa betri usinunue iliyoandikwa 9800, hizi za kawaida mwisho wake ni 3500 hivi, na ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, ukishika nyepesi kama ganda la yai achana nayo.

Halafu kuna 14500, hii ina umbo la AA kabisa lakini ni lithiamu, ikijaa inafika volti 4.2. Tochi nyingi ndogo zinakubali zote mbili, na kwa lithiamu mwanga wa juu unaruka sana. Shida ni nyumbani, mtoto akiichomoa akaiweka kwenye rimoti umeua rimoti. Mimi zangu nimezizungushia soliteipu nyekundu na kila mtu nyumbani anajua hazishikwi.

Namba za kwenye boksi zisome hivi. Kiwango kinachoitwa ANSI FL1, kilitoka Marekani 2009, kinapima lumeni kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka wanahesabu mpaka mwanga ushuke kufika asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwahiyo imeandikwa lumeni 1000 masaa matatu na hawajadanganya, kumbe dakika chache za mwanzo tu ndio 1000, joto likipanda inajishusha yenyewe, zinazobaki unatembelea 200. Umbali nao unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki lukisi 0.25, sawa na mbalamwezi, kiutendaji kata nusu.

Kwa bajeti yako mimi ningeangalia Sofirn SP10 Pro, inakula AA na 14500, ina Anduril na mwanga wa CRI 90. Ukitaka 18650 basi Wurkkos FC11, inachaji kwa USB-C na kitako chake kina sumaku, naibandika kwenye mlango wa DB mikono yote miwili ikabaki huru. Wurkkos TS10 ni nzuri na ndogo kupita zote lakini inakula 14500 peke yake na turbo yake inaunguza vidole ndani ya muda mfupi. Zote hizi kuagiza mtandaoni zinacheza kwenye dola 20 mpaka 35, zote zinaingia ndani ya laki yako. Kuhusu kutumia tochi ya simu kama mdau mmoja hapo juu alivyosema, sawa, ila simu huing'ati kwa meno ukiwa juu ya ngazi, AA unaing'ata.

Ukipata ya dukani kabla hujalipa fanya hivi: ifunike na kiganja uwashe modi ya chini, ikipenya mpaka vidole vinang'aa vyekundu hiyo sio ya chini. Imulike ukutani uiangalie kwa kamera ya simu, ukiona mistari mizito inatembea saketi yake inapepesa, hapo utaumwa kichwa ukisoma nayo. Zungusha modi zote mara mbili uone disko iko wapi. Na ukishaichukua, hizi za swichi ya ubavuni zinaendelea kunyonya betri kidogo hata zikiwa zimezimwa na zinajiwasha zenyewe kwenye begi, kwahiyo legeza kifuniko cha kitako robo zamu ukisafiri, ukifika kaza.