Jibu: Bluu inageuka zambarau nikichapisha mchoro wangu

Salama mkuu. Umesema mabango ya wateja yanatoka safi, ila ule mchoro wako wa bahari ya Kigamboni unaotaka kuuuza kama kazi ya sanaa, bluu yake inageuka zambarau kwenye karatasi.

Angalia kwanza faili liko RGB (rangi za mwanga wa skrini: nyekundu, kijani, bluu) au CMYK (rangi za wino: C samawati, M majenta yaani waridi iliyokolea, Y njano, K nyeusi). Skrini inatoa mwanga, wino hauwezi kuifikia bluu ile. Kama duka lako la Kariakoo linatumia ofseti (mashine ya kuchapa kwa sahani) au leza, badili faili mwenyewe kuwa CMYK, kisha punguza M. Mimi huanzia C asilimia 100, M asilimia 60. M ikiikaribia C, zambarau inaingia hapo hapo. Ila ukipeleka kwenye inkjeti (printa ya kurushia matone ya wino) ya wino wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), waachie RGB. Nyingi zina wino zaidi ya nne, ukibadili kuwa CMYK utaifubaza rangi bure. Kwa hiyo muulize fundi ni mashine gani, hata akikuona msumbufu (wengi watakujibu "lete tu flashi").

Karatasi ya A2 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 4961 kwa 7016. Jaribu kipande cha A4 kwanza kwenye karatasi ileile, ukitazame nje mchana, si chini ya taa za dukani. Turubai (kitambaa cha wachoraji) sijawahi kuchapia, aliyewahi aongezee.