Mkeo Hakukudharau, Mwanangu, Amekuambia Ukweli

Shangazi, shikamoo. Mimi ni wakili mwenye umri wa miaka 29, nimeajiriwa katika ofisi moja ya uwakili hapa Dar es Salaam. Huu ni mwezi wa nane na sijakabidhiwa shauri hata moja nilisimamie mwenyewe. Bosi wangu hunituma kufanya upekuzi wa hati na kusajili nyaraka, kazi ambazo hata karani angeweza kuzifanya. Mara moja tu alinipa utetezi wa maandishi niuandae, akaurudisha umejaa wino mwekundu, na tangu siku hiyo hajanipa kitu cha maana. Mwenzangu, dada tuliyeapishwa naye siku moja, anakwenda mahakamani kila wiki kwa sababu anajua kujipendekeza. Anakaa ofisini hadi usiku na kuwabembeleza hata makarani. Nyumbani hali ni mbaya zaidi. Mke wangu ana duka la steshenari na kwa sasa ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Badala ya kunifariji, ananiambia niende kwa bosi nikaombe kazi, na mama yake amesikika akisema kwamba suti haipikwi. Nafikiria kuacha kazi nifungue ofisi yangu. Nifanye nini ili mke wangu aniheshimu kama zamani?
Wakili, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu, na pole. Kushinda ofisini ukiwa na joho jipya kabatini na meza isiyo na faili ni jambo linalovunja moyo. Ulimaliza chuo kikuu, ukapita Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile ambayo mwaka 2022 ilizua mjadala nchi nzima baada ya matokeo kuonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja, kisha ukaapishwa mbele ya Jaji Mkuu huku ndugu zako wakipiga vigelegele. Aliyepita huko ana haki ya kutamani kuitumia elimu yake.

Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako inasema mengi ambayo hukukusudia kuyasema. Kuhusu mwenzako umeeleza saa anazotoka ofisini na watu anaozungumza nao, lakini kuhusu ule utetezi uliorudishwa umetumia sentensi moja, wala hukutaja hata kosa moja kati ya yale yaliyosahihishwa. Hukusema kwamba uliusoma tena, wala kwamba uliuandika upya, wala kwamba ulibisha hodi kwa bosi wako kumuuliza alitaka uweje. Mtu aliyeonewa akiniandikia, huwa naukuta uonevu wenyewe ndani ya barua yake. Katika barua yako nimekuta wivu, aibu na mzigo wa kodi ya nyumba; uonevu sijauona.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya wakili, na nyaraka za mawakili vijana zilipita mikononi mwangu kabla hazijafika kwa mkubwa wetu, kwa hiyo wino mwekundu naujua. Utetezi wa wakili mpya huwa na ugonjwa mmoja unaojirudia: unayakana madai yote kwa mkupuo, wakati Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka kila dai lijibiwe lenyewe, na dai lisilokanwa waziwazi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Mdaiwa akishapokea wito wa mahakama ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake. Bosi wako alikuwa akizihesabu siku hizo wakati wewe ukizihesabu alama nyekundu. Utetezi ukichelewa, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, mteja akapoteza nyumba yake, na jina litakalolaumiwa ni lile lililoandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Hali ni hiyo hiyo kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali: ana siku 30 tu za kuufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na zikipita, atalazimika kuomba aongezewe muda na kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Mtu anayebeba hatari za namna hiyo hawezi kumkabidhi faili kijana ambaye, baada ya kusahihishwa mara moja, alirudi mezani kwake akanuna.

Nakumbuka jinsi mkubwa wetu alivyokuwa akipima watu, na wala hakuwapima kwa Kiingereza chao wala kwa tai zao. Faili liliporudi mezani kwake alilifungua kuanzia nyuma, akaangalia kama viambatisho vimepangwa kwa mfuatano, kama kila kimoja kina alama yake inayolingana na iliyotajwa kwenye hati ya kiapo, na kama juu ya faili kuna karatasi ndogo yenye tarehe ya shauri kutajwa, yaani siku mahakama inapoangalia limefikia wapi bila kulisikiliza, jina la hakimu na amri ya mwisho iliyotolewa. Aliyefanya hivyo bila kuambiwa alipewa faili la pili siku ileile. Asiyefanya hakugombezwa wala hakufukuzwa, ila aliachwa akae, na wapo waliokaa hivyo mpaka wakaondoka wakiamini kwamba walichukiwa. Naogopa kwamba na wewe unaelekea huko, ndiyo maana nakuambia mapema.

Unaudharau upekuzi wa hati. Mteja anayenunua kiwanja Kigamboni kwa akiba ya maisha yake yote anautegemea upekuzi huo kujua kama kiwanja kina rehani ya benki, kama ndugu wa marehemu wameweka zuio, na kama jina la muuzaji ndilo lililo kwenye daftari la Msajili wa Hati. Ukirudi na jibu la mstari mmoja, umefanya kazi ya tarishi. Ukirudi na maelezo ya ukurasa mmoja yanayomwonyesha bosi hatari iliyopo na njia ya kumkinga mteja, umefanya kazi ya wakili, na atakayeandaa mkataba wa mauziano ni wewe, kwa kuwa unaujua mwenendo mzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe bado umesimama wima.

Makarani nao uwaheshimu. Tangu mahakama zetu zianze kupokea mashauri kwa mfumo wa kielektroniki, karani ndiye anayejua kwa nini nyaraka imekataliwa, malipo yamekwama wapi, na shauri limehamishiwa kwa hakimu gani. Mwenzako hawabembelezi. Anasoma kwao mambo ambayo hayafundishwi darasani, na kama anakaa hadi usiku ni kwa sababu usiku ndio wakati ambao bosi wenu, baada ya kutoka mahakamani na kuwaaga wateja, anapata nafasi ya kumweleza kwa nini pingamizi la awali lilikubaliwa. Nakuomba uache mara moja kumsemea vibaya binti wa watu. Maneno ya kwamba mwanamke aliyepanda kazini alijipendekeza yamewaharibia jina wanawake wengi wasio na kosa, na wakili hapaswi kumshutumu mtu bila ushahidi.

Sasa tuje kwa mkeo, ambaye hakuniandikia, nami nitamsemea. Ni mwanamke anayefungua duka asubuhi, akasimama kwenye mashine ya fotokopi mpaka miguu ikavimba, akapeleka kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba bila kukutangaza mtaani. Amekwambia nenda kaombe kazi. Hakusema hujui kazi, wala hakusema anajuta kuolewa. Ametoa ushauri uleule ambao wakili yeyote mwenye uzoefu angekupa, na ameutoa kwa sababu biashara yake imemfundisha: mwanafunzi aliyehudumiwa vizuri kwa fotokopi ya kurasa mbili ndiye anayerudi na tasnifu nzima ya kuchapa na kujalidi. Umesikia dharau kwa sababu ulitaka kusikia sifa.

Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na dhana kwamba mwenzi mwema ni yule anayekubaliana na malalamiko yako yote. Mume akirudi na kisirani, mke anatarajiwa amlaani bosi pamoja naye. Mke akigombana na mkuu wake wa kazi, mume anatarajiwa aseme ni wivu. Nyumba ya namna hiyo huwa na amani ya muda, kisha watu wawili hushangaa kwa nini miaka imepita na hawajasogea. Makungwi wetu waliwafunda wanawali kumstiri mume na kutomwaibisha mbele za watu, na mafunzo hayo nayaheshimu hadi leo, lakini sijapata kusikia kungwi aliyemfunda mke kumlaza mume usingizi wakati nyumba inahitaji kodi. Mkeo amekustiri nje na kukuambia ukweli ndani. Hiyo ndiyo heshima unayoniuliza itarudi lini, na haijawahi kuondoka.

Kwa mama mkwe nitakupa haki kidogo. Neno kwamba suti haipikwi halikustahili kutoka kinywani mwa mzee likafika masikioni mwa mkwewe. Hata hivyo, jiulize yeye anaona nini: anamwona bintiye akilipa kila kitu, na mkwewe akitoka asubuhi na kurudi jioni bila kueleza lolote. Hakuna aliyemwambia kwamba katika ofisi nyingi za uwakili wakili mpya huanza na malipo madogo. Ukimya wako umemwachia pengo alijaze mwenyewe.

Bosi wako naye nina neno naye. Kurudisha kazi ya kijana ikiwa imejaa wino kisha kukaa kimya kwa miezi ni malezi mabaya. Wapo mawakili wakubwa waliofundishwa kwa makaripio na wakaamini kwamba kijana akiachwa peke yake atajifunza kuogelea. Wachache huogelea. Lakini mwenye shida ni wewe, kwa hiyo atakayevunja ukimya ni wewe.

Jumatatu, kabla hajaanza kupokea wateja, muombe dakika kumi na tano. Nenda na ule utetezi wenye wino mwekundu pamoja na ule utakaokuwa umeuandika upya kwa kuyafuata masahihisho yote, na ulinganishe pia na ule uliowasilishwa mahakamani, ambao karani atakuonyesha kwenye faili. Mwambie umeona ulikosea wapi, muulize ni wapi bado hujaona, kisha umuombe jambo dogo kabisa: uende naye mahakamani shauri linapotajwa, uandike kumbukumbu, na jioni ileile umletee maelezo ya amri iliyotolewa na hatua inayofuata. Usiombe kupewa shauri lako mwenyewe siku hiyo. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, siku atakayokuwa na mashauri mawili kwa saa moja, moja Mahakama ya Kisutu na jingine Mahakama Kuu, atatafuta mtu wa kumshikia lile la kutajwa, na hatahangaika kumtafuta mbali.

Muda wako usio na kazi usiupoteze kwenye simu. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Soma zinazohusu migogoro ambayo ofisi yenu inaishughulikia zaidi. Kuna mlango mwingine ambao naona vijana wengi wanaupita bila kuutazama: marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ingawa Kiingereza bado kinatumika sana katika mahakama za juu, mawakili wakongwe waliozoea kuandika hati za madai kwa Kiingereza maisha yao yote wanapata taabu kuandika kiapo kwa Kiswahili kilichonyooka. Barua yako ina Kiswahili safi. Jitolee kwa kazi hiyo. Vilevile, kwa idhini ya bosi wako, omba upangiwe kumtetea mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo, katika zile kesi ambazo Serikali hulipia wakili. Malipo yake ni madogo, lakini humo utajifunza kuhoji shahidi, na utakuwa umesimama kwa ajili ya mtu ambaye uhai wake uko mikononi mwa mahakama.

Ama kufungua ofisi yako, jibu langu ni hapana. Utalipa pango, utalipia cheti cha uwakili kila mwaka, na utasubiri wateja kwa kodi ile ile ambayo mkeo anailipa sasa. Aliyeshindwa kumuomba kazi mtu mmoja anayemfahamu atawaombaje kazi watu asiowafahamu? Wala usije ukafikiria kulifanya duka la mkeo kuwa mahali pa kukukusanyia wateja kwa siri, kwa kuwa maadili ya uwakili yanakataza kutumia madalali, na mteja utakayempata ukiwa umeajiriwa ni wa ofisi.

Leo jioni mkeo akishafunga duka, mueleze habari ya wino mwekundu, kwa sababu nina hakika hajawahi kuisikia. Mwambie mshahara wako halisi, mpange pamoja ni kiasi gani, hata kiwe kidogo namna gani, utachangia kwenye kodi kuanzia mwezi ujao, na umshukuru kwa miezi aliyoibeba peke yake. Kisha nendeni wote wawili kumsalimia mama yake, na umueleze mwenyewe kazi yako ilivyo. Ukiyafanya haya mpaka mwisho wa mwaka na bado bosi wako hajakupa hata shauri la kutajwa, basi tatizo litakuwa lake, nami nitakushauri utafute ofisi nyingine kabla ya kuacha hiyo. Ukiniandikia tena, muombe mkeo naye aongeze ukurasa wake.