Kirusi hiki, bakteria huyu

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, anauliza: “Kwenye tasnifu yangu niliandika ‘virusi wanaoshambulia bakteria’. Msimamizi wangu kakata kwa wino mwekundu, kaandika ‘vinavyoshambulia’. Nani kakosea? Na kikiwa kimoja, ni virusi au kirusi?”

Umekosea wewe. Kirusi hiki, virusi hivi. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake sumu. Lilibisha hodi likiwa na vi- mdomoni, tukalitafutia umoja, kama tulivyomkuta Mwarabu na kitabu chake tukazaa vitabu. Wanaonung’unika kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi, herufi kubwa ziliwekwa kwa kazi gani? Bakteria ni huyu na hawa, kwa kuwa yu hai.

Hayo yamekwisha. Sasa nipe nafasi niteme nyongo, maana umetaja virusi na bakteria kwa pumzi moja bila kuwachanganya, na hilo kwa watangazaji wetu ni muujiza. Kila mlipuko ukitokea nasikia “virusi vya kipindupindu”. Virusi! Kipindupindu huletwa na bakteria. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alimfuatilia hadi Calcutta, India, mwaka 1884, akamwona kwenye hadubini amejipinda kama alama ya mkato. Bakteria huyu anakula, anajigawa mwenyewe, na antibiotiki zinamuua. Kirusi hakili, hakijigawi, na antibiotiki hakizijui. Kinangoja kupenya kwenye seli ya mwingine kizaliane humo. Kumwita bakteria kirusi ni kumwita mbuzi kupe kwa kuwa umewakuta zizi moja.

Mfano huo wa kupe niliupenda mno, nikautumia miaka. Kumbe umenigeuka. Mwaka 1996 wanasayansi Waldor na Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu, yaani maelekezo ya kuitengeneza, zinabebwa na kirusi, tena cha aina hiyohiyo unayoandikia tasnifu. Kinamwingia bakteria, kinajipachika kwenye DNA yake, ile kanda ya urithi, na tangu hapo bakteria anatengeneza sumu ambayo hakuwa nayo. Sumu yenyewe ni protini yenye vipande sita: vitano vinashika utando wa seli ya utumbo, cha sita kinaingia ndani na kuilazimisha imwage chumvi na maji bila breki. Ndiyo ile harisho nyeupe kama maji ya mchele.

Kwa hiyo mtangazaji, bila kujua, kakanyaga ukweli gizani. Alama simpi. Aliyepotea njia akatokea sokoni hajasema alikuwa anakwenda sokoni. Aseme “bakteria wa kipindupindu”, au ajikaze aseme “kirusi kinachompa bakteria wa kipindupindu sumu yake”, nami nitazima redio kwa heshima.

Wewe rudi kwenye tasnifu, urekebishe “wanaoshambulia” kurasa zote. Msimamizi wako hakukata moja tu kwa bahati mbaya.