Mjomba wa Shamba anajibu: nataka kuishi permakalcha, naanzia wapi?

Toleo lililopita tuligusia permakalcha kidogo tu, yaani ile namna ya kupanga nyumba, maji, miti na mifugo ili kila kimoja kimsaidie mwenzake, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Nimechukua maswali manne, mengine yanafanana, mtanisamehe.

Shikamoo Mjomba. Nina miaka 31, nimeajiriwa hapa Dodoma mjini. Nina robo eka huku Ihumwa, ina nyumba ndogo ya bati na hamna kingine. Nimeangalia video nyingi za permakalcha na nimeamua mwisho wa mwaka naacha kazi nikaishi hukohuko nijitegemee kwa kila kitu. Nianze na nini? Mke wangu anasema nimechanganyikiwa.

Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo mke maana ana pointi. Robo eka ya Dodoma haitalisha familia mwaka wa kwanza wala wa pili, na anayekwambia itakulisha muulize ada ya watoto wake inatoka wapi, wengi wa hao wa kwenye video wanaishi kwa video zenyewe. Usiache kazi. Mshahara ndo utanunua tenki.

Nasema tenki makusudi. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kama milimita 550 kwa mwaka wa kawaida, afu baada ya hapo ni jua na vumbi mpaka uchoke. Sasa piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati lako likiwa mita za mraba 60, hiyo ni lita 33,000, toa zinazomwagika na kukauka weka 26,000, ndo ndoo 1,300 hizo, na kwa sasa zinapita mlangoni kwako zinaenda kumchimbia jirani korongo. Kwa hiyo gata kwanza, kisha tenki kadri mfuko utakavyoruhusu, na yanayofurika yaingie kwenye mtaro uliofuata usawa wa ardhi, usiufuate mteremko, ili maji yasimame yazame. Kupima usawa huhitaji mtaalamu, funga miti mitatu umbo la A, ning'iniza uzi wenye jiwe, basi. Udongo ukiurushia upande wa juu hiyo ni fanya juu ya kule Machakos, ukiurushia chini ni fanya chini, na kwa ploti ndogo mimi napenda ya chini maana tuta unalipanda mpapai na mbaazi na mizizi inafuata unyevu yenyewe.

Kabla hujaleta mtu wa kufyeka, tembea uhesabu visiki. Hapo hapo Dodoma watu wa Kisiki Hai wamekuwa wakifundisha hii kitu vijijini: kisiki kinachochipua unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unayapogoa, na mti unakua haraka kuliko mche wowote kwa sababu mizizi ipo chini tayari. Mtu anang'oa visiki vizima afu anaenda kununua miche stendi, mi huwa nashangaa sana.

Mvua ya kwanza ikinyesha tokeni wewe na mkeo mkalowe, muone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Na umuulize yeye angependa kuchuma nini akitoka tu mlango wa jikoni, hapo ndo upande kwanza. Sehemu unayopita kila siku ndo inayotunzwa, ya kule nyuma unasahau.

Mjomba, mimi Mchaga wa Kibosho. Hii permakalcha yenu si ndo kihamba cha babu yangu mmekipa jina la Kizungu?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na una haki ya kukasirika kidogo. Mringaringa na mruka juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi pembeni ya mfongo, yaani ule mfereji wa maji, ng'ombe yuko zizini anakula majani ya mgomba na mbolea inarudi kwenye mgomba. Babu hakuhitaji semina. Hata FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 waliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Bill Mollison na David Holmgren walikuja na hilo jina huko Tasmania, Australia, kitabu chao cha kwanza kikatoka 1978, na kilichokuwa kipya pale ni njia ya kupanga, ambayo mtu wa Singida asiye na mfongo wala mlima anaweza kuitumia kwake.

Swali langu kwako sasa: hicho kihamba bado kipo au mmekigawana vipande mkajenga?

Hujambo Mjomba. Mie mama wa Kisauni, Mombasa. Uwanja wangu ni mchanga na mawe ya matumbawe, kila nikipandacho chafa. Maji ya kuogea na kufulia yamwagika bure tu. Yafaa kitu hapa?

Sijambo mama. Yafaa, tena mfano mko nao hapo Bamburi. Mnaenda Haller Park kuwaona viboko na twiga, lakini pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jiwe tupu. René Haller akaanza kupanda mwaka 1971, alijaribu miti ya aina nyingi na mingi ikafa, mvinje ukakubali. Tatizo likaja la pili, majani ya mvinje yakawa yanadondoka hayaozi, yanarundikana tu. Alichofanya ni kuangalia, akamwona jongoo mwenye miguu myekundu anayatafuna, akaleta majongoo kwa mamia, na kinyesi chao ndo kikaanza kutengeneza udongo juu ya lile jiwe. Leo ni msitu.

Kwa hiyo wewe usihangaike kununua lori la udongo. Chimba shimo la duara kama mita mbili upana, kina usizidi mita moja (ukikuta jiwe ishia hapo hapo), jaza majani makavu, maganda, vifuu, maboksi, kila kinachooza, lirundike mpaka lipite usawa wa ardhi kwa sababu litashuka. Pandeni migomba minne au mitano ukingoni, katikati yake viazi vitamu vitambae, mpapai mmoja. Maji ya kuogea yaingie humo kwa bomba, yapite chini ya takataka, yasisimame juu maana hapo utafuga mbu na majirani watakushtaki. Maji yenye blichi usiyapeleke, na ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga changanya na ya kuogea, chumvi yake ikizidi mgomba utaanza kuungua majani pembeni. Shimo likishuka jaza tena. Hilo ndo kazi yake milele, linakula takataka.

Shikamoo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, Singida vijijini. Nataka kuwafundisha watoto na wazazi wao permakalcha lakini bajeti hamna, mkuu wa shule anataka matuta yaliyonyooka yaonekane safi wakaguzi wakija, na mimi mwenyewe sina cheti. Nikatafute kwanza ile kozi ya cheti cha permakalcha, ya saa 72?

Marahaba mwalimu. Cheti kinasaidia, kinakupa lugha na mpangilio, na ukipata nafasi nenda. Morogoro wapo Sustainable Agriculture Tanzania wanafundisha kilimo cha ekolojia, na Zanzibar nako kozi za permakalcha zinatolewa. Ila usikingoje.

Kulikuwa na mzee anaitwa Zephaniah Phiri, wa Zvishavane, Zimbabwe, alifariki 2015. Alifukuzwa kazi reli kwa sababu za siasa enzi za wakoloni, akarudi nyumbani kwenye eka chache chini ya mwamba mkubwa, sehemu kavu, na familia ya kulisha. Akawa anaangalia mvua inavyoteremka kwenye ule mwamba. Akajenga kuta za mawe za kupunguza mbio za maji, na bwawa moja la huko juu akaliita ofisi ya uhamiaji, maji yanapokelewa pale kabla ya kuingia shambani. Wageni wakawa wanakuja toka nchi mbalimbali, na darasa lilikuwa ni kutembea naye tu, unaona kisima kina maji wakati kwa majirani kumekauka. Fundisha hivo hivo.

Na kitu kimoja naomba sana: acheni kuwapeleka watoto shambani kama adhabu. Mtoto aliyechelewa anapewa jembe, aliyepiga kelele anapewa jembe, afu mnataka apende kilimo akikua? Toa kwanza hiyo, hata kabla ya mbegu.

Anzia pale wanaponawa mikono, maji yapo kila siku na hayana mwenyewe. Shimo moja la migomba kama la mama wa Kisauni, darasa moja lilimiliki, na wakivuna wale wao, yasiende kwa walimu. Panda vinavyovumilia likizo, Juni na Desemba hakuna wa kumwagilia: mlonge, mbaazi, muhogo, mpapai. Mboga laini ziwe kidogo na ziwe karibu na jiko la uji. Wazazi usiwaitie semina, watakuja kwenye kikao cha shule, watapita hapo, wataona udongo uliofunikwa majani una unyevu Septemba, wataanza kuuliza wenyewe. Wanaoomba mbegu za mlonge wape, na uwaambie walete samadi.

Mkuu wa shule mpe tuta lake moja la mchicha pale getini, limenyooka kwa kamba, na kibao juu. Akiridhika atakuacha na nyuma ya madarasa.