Kioo cha simu ya bei mbaya kina ukijani, naambiwa "ni kawaida"

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejibana muda mrefu hadi nikanunua simu ya juu kabisa ya kampuni fulani. Mchana haina neno. Usiku nikizima taa na kushusha mwangaza, nusu ya chini ya kioo inaingia ukijani, nusu ya juu inabaki kijivu. Nikifungua ukurasa wa rangi nyeusi ndiyo balaa. Niliirudisha nilikoinunua. Kijana akaishika chini ya taa zake kali, akaigeuzageuza, akasema, "Dada, mbona nzima hii?" Nilipong'ang'ania, akasema vioo hivi ndivyo vilivyo, nisubiri apdeti. Apdeti imekuja na ukijani upo palepale. Mume wangu naye anasema nina macho ya kutafuta makosa. Kosa ni langu au la simu?
Msomaji aliyechoka na "ni kawaida"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa unavyoeleza, kosa ni la simu, na macho yako hayana shida.

Kwa dalili hizo, kioo chako ni cha aina inayoitwa OLED, nacho hakina taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani nukta ndogo inayounda picha, inawaka yenyewe, na ndani yake mna vitone vya nyekundu, kijani na buluu. Mwangaza ukiwa juu, vitone vinapata umeme wa kutosha na tofauti ndogo kati yao hazionekani. Ukiushusha, umeme unakuwa kiduchu mno, na kitone kinachopokea zaidi kidogo ya mwenzake kinajitokeza. Ndiyo maana kiwandani kioo hupimwa na kuwekewa masahihisho yake. Kipimo kikilegea kwenye mwangaza wa chini, unapata hayo unayoyaona. Kijana aliyeikagua chini ya taa kali alikuwa anamtafuta mbu saa sita mchana.

Tena kuigeuzageuza hakumsaidii kitu. Rangi kubadilika kidogo ukikitazama kioo kwa pembeni ni kweli ni tabia ya OLED. Apple wenyewe waliliandika hilo walipotoa iPhone X mwaka 2017. Wewe hulalamikii pembeni. Unalalamikia kioo ukikitazama usoni.

Kuhusu apdeti, kungekuwa na ukijani kioo kizima, sawasawa kila mahali, ningekuambia vuta subira, kwa sababu programu inaweza kurekebisha rangi. Nusu kijani na nusu kijivu, mara nyingi ni kioo chenyewe. Na hapo ndipo ninapokasirika kwa niaba yako: "subiri apdeti" ni maneno yanayokula siku zako za kurudisha bidhaa. Zikiisha, unahamishwa kutoka kubadilishiwa simu hadi kutengenezewa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo leo usiku fanya hivi. Vua protekta, hasa kama ni ile ya kuwazuia wa pembeni wasichungulie. Zima mwangaza wa kujirekebisha wenyewe na ile rangi ya manjano ya usiku. Fungua picha tupu ya kijivu cha kukolea, ijaze kioo kizima, shusha mwangaza karibu na mwisho, kisha piga picha kwa simu nyingine. Ukipata simu nyingine ya aina hiyohiyo, ziweke ubavu kwa ubavu ndani ya picha moja. Halafu piga skrinshoti ya kijivu hicho na uitume kwenye simu nyingine. Kule ikionekana safi, huna tena haja ya kubishana kama ni picha au programu: skrinshoti haibebi ubovu wa kioo.

Peleka malalamiko kwa maandishi, pamoja na risiti, namba ya IMEI (ile ya kuitambulisha simu yako) na picha hizo, dukani na kwa kampuni yenyewe. Maneno ya kaunta hayana kumbukumbu. Na usidhani makampuni hayasikii kabisa: mwaka huohuo wa 2017 wanunuzi wa Pixel 2 XL, simu ya Google, walipiga kelele kuhusu ubuluu na vivuli vilivyoganda kwenye kioo, Google wakaongeza waranti hadi miaka 2.

Usimpe fundi wa mtaani aifungue, hata akiwa hodari, nami nasema hivyo nikiwa fundi. Ikishafunguliwa, gundi inayozuia maji imeharibika, na watu wa waranti wamepata sababu ya kukukatalia.

Wakikubali kukubadilishia, usisaini chochote kabla ya kuipima hiyo mpya palepale. Ingia nayo stoo, au jifunike koti kichwani mbele yao, ufungue kijivu chako. Wacheke wakitaka. Nayo ikiwa na ukijani, omba fedha zako.