Ni nani aliyekupa haki ya kuniamuru? Maswali yenu kuhusu Kiingereza cha kutoa amri

Barua tatu zilizotufikia kutoka Moshi na Arusha zimegusa jambo moja, kila moja kwa upande wake, kwa hiyo tumeona vyema kuzijibu pamoja.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii katika Mlima Kilimanjaro. Msimu uliopita, tukiwa kambi ya Horombo, mgeni wangu, mama wa makamo kutoka Uingereza, alianza kuumwa kichwa. Kwa kumwonea huruma nilimwambia: “I order you to drink three litres of water every day.” Alininyamazia hadi wakati wa chakula cha jioni, na hata wagumu wangu, yaani wapagazi, waliona kwamba hewa imechafuka. Kamusi yangu inasema “order” ni agiza, nami nilikuwa ninamwagiza kama daktari anavyomwagiza mgonjwa. Kosa langu liko wapi?
Mwongoza watalii, Moshi

JIBU: Ndugu yetu, kamusi yako haikukudanganya, ila ilikupa nusu ya habari. Neno letu agiza ni pana na pole. Ukiingia mgahawani pale Moshi mjini unaagiza mtori. Jirani akisikia unakwenda sokoni anakuagiza vitunguu vya shilingi elfu moja. Mfanyabiashara anaagiza mitumba kutoka ng’ambo. Na waziri naye, akisimama jukwaani, anaagiza barabara ikamilike kabla ya masika. Katika mifano yote hiyo hakuna aliyeshushwa hadhi. Jirani anayekuagiza vitunguu hajawa mkubwa wako, na kama umesahau utamwambia “nimepitiwa”, yaishe.

Sasa tazama Kiingereza. Neno “order” linabadilika sura kufuatana na kile kinacholifuata. Likifuatwa na kitu, yaani supu, saruji au vitabu, maana yake ni agiza, na mhudumu hawezi kukasirika. Likifuatwa na mtu, linaacha kuwa agiza na kuwa amuru. Kwa hiyo “I order soup” ni maneno ya mteja mwenye njaa, lakini “I order you” ni maneno ya mtu anayedai kwamba aliye mbele yake yuko chini yake. Wewe ulisema agiza moyoni, mgeni akasikia “ninakuamuru” masikioni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyelipia safari, alijiuliza ni lini umekuwa mkubwa wake.

Asili ya neno inasaidia kulielewa. Limetokana na “ordo” la Kilatini, lenye maana ya safu au mpangilio, na ndiyo sababu neno hilohilo katika Kiingereza lina maana ya utaratibu pia. Anayetumia “order” kwa mtu anachukulia kwamba wote wawili wamo katika safu moja, yeye akiwa juu: sajini na askari, hakimu na mdaiwa, mzazi na mtoto. Mgeni wa mlimani hayumo katika safu yako. Ni kweli Waingereza husema “doctor’s orders” wanapokataa pombe kwenye sherehe, lakini hayo ni maneno ya utani, na daktari mwenyewe akiwa na mgonjwa wake ni nadra sana kusema “I order you”.

Ungesema nini basi? Ungesema “You need to drink three litres a day up here”, au, kwa upole zaidi, “I’d like you to drink a bit more water.” Sisi tunao mlango wetu wa kufanyia jambo hilihili, nao uko kwenye kitenzi chenyewe. “Kunywa maji!” ni amri. “Unywe maji” ni neno la mtu anayekujali. “Naomba unywe maji, mama” ni heshima kamili, ingawa wote wawili mnajua kwamba maji yatanyweka tu. Kitenzi cha Kiingereza hakina viambishi vya kubeba mizigo hiyo, kwa hiyo huazima maneno ya pembeni, kama vile “need”, “would like” na “might want to”. Mwanafunzi wa Kiingereza anayeyaruka maneno hayo kwa kuyaona ni mapambo huishia kusikika kama afande.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo una haki kamili ya kuamuru. Mgeni akifika kambi ya Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, akaanza kuyumba kama mlevi na maneno yake yakawa hayaeleweki, hapo hakuna mashauriano, lazima ashuke. Lakini angalia namna mwongozaji mzoefu anavyosema: “We are going down now.” Hakuna “order” humo. Ni sawa na gwaride: kamanda wa gwaride hasemi “ninawaamuru msimame wima”, anasema “Mguu sawa!” na buti mia zinapiga chini kwa pamoja. Anayehitaji kulitamka neno “ninakuamuru” mara nyingi ni yule ambaye amri yake ya kwanza haikutiiwa.

SWALI: Ninajifunza kazi ya ukalimani na tafsiri hapa Arusha. Kila siku ninakutana na sentensi kama “Mahakama imeamuru”, “Mkuu wa Mkoa ameagiza” na “wakili ameelekezwa na mteja wake”. Mwalimu wangu wa zamani alitufundisha ngazi ya ukali: “command” juu kabisa, chini yake “order”, kisha “instruct”, na mwisho “direct”. Je, ngazi hiyo ni sahihi?
Mkalimani mwanafunzi, Arusha

JIBU: Ngazi hiyo tumeiona katika madaftari mengi, na tunakushauri uachane nayo. Haina kosa kubwa unapojibu mtihani, lakini itakuangusha siku ya kwanza kazini. Maneno haya hayatofautiani kwa ukali; “direct” la mkuu wako wa kazi linaweza kukufukuzisha kazi upesi kuliko “command” la mtu yeyote. Yanatofautiana kwa chimbuko la haki. Kabla ya kuchagua neno, jiulize: huyu anayesema, haki ya kusema ameipata wapi?

Wewe una bahati ya kuishi katika mji ambao swali hilo limejadiliwa kwa miaka mingi na watu wenye majoho. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilifanya kazi zake katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha. Ibara ya 6 ya Mkataba wake ilitaja waliowajibika kwa jinai: aliyepanga, aliyechochea, aliyeamuru, aliyetenda, na aliyesaidia. Kwa msomaji wa juujuu, kuchochea na kuamuru ni karibu kitu kimoja, kwa kuwa katika yote mawili mtu anasema na mwingine anatenda. Kwa majaji havikuwa kitu kimoja. Kuchochea, “instigate”, kunaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye ulimi. Kuamuru, “order”, kunahitaji mtu mwenye mamlaka juu ya anayeambiwa. Katika hukumu ya Akayesu ya Septemba 1998, mahakama hiyo ilisema kwamba kuamuru kunachukulia kuwapo kwa uhusiano wa mkubwa na mdogo. Na baadaye majaji wa rufaa walifafanua kwamba uhusiano huo si lazima uwe wa cheo kilichoandikwa, mradi mtu awe na mamlaka ambayo wengine wanaiheshimu kwa vitendo. Ibara hiyohiyo iliongeza kwamba kutii amri ya mkubwa hakumwondolei mtu hatia, ingawa kunaweza kumpunguzia adhabu. Ukiwa mkalimani, ukatafsiri “aliwachochea” kwa “ordered”, umempandisha mtu cheo ambacho pengine upande wa mashtaka ulikuwa bado haujakithibitisha.

Kwa hiyo mahakama huamuru, na Kiingereza chake ni “order”, iwe Mahakama ya Mwanzo au Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo imekuwa hapo Arusha tangu mwaka 2007 na ambayo Itifaki yake inaipa uwezo wa kutoa amri za kurekebisha haki iliyovunjwa, ikiwamo kulipa fidia. Usiseme “the court commanded”. Msikilizaji ataona taji na panga.

“Command” ni la jeshi, la mfalme na la Mungu. Ndiyo sababu Amri Kumi ni “commandments” na haziitwi “orders”, na ndiyo sababu rais wetu, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, kwa Kiingereza ni “Commander-in-Chief”. Kiswahili nacho kimeliona jambo hilohilo kwa macho ya Kiarabu, maana amri na amiri ni watoto wa mzizi mmoja. Haki ya “command” haitokani na jambo lililo mezani leo. Mtu anakuwa nayo hata akiwa amelala. Ndiyo maana neno hilo hutumika hata pale ambapo hakuna aliyetoa sauti: mlima “commands” bonde lote, mzee “commands” heshima, na mtu anaweza kuwa na “command” nzuri ya Kiswahili, yaani lugha inamtii.

Sasa Mkuu wa Mkoa. Magazeti yetu ya Kiingereza yamezoea “directed”, na kwa maoni yetu yako sahihi, kwa sababu kiongozi wa serikali akiwa ziarani anaendesha chombo ambacho kipo tayari na kina sheria zake, anaelekeza usukani. “Direct” asili yake ni kunyoosha, na hata kwenye chupa ya dawa “as directed” ni kama ulivyoelekezwa. Ukiandika “ordered” hutafungwa, lakini msomaji wa nje atadhani kumetokea ugomvi. Na hapa turuhusu kidogo la pembeni: lile jibu la maofisini kwetu, “ni maelekezo kutoka juu”, kwa Kiingereza ni “orders from above”, si “directions from above”, kwa sababu anayelisema anataka ujue kwamba hapo hakuna mjadala. Kiswahili kimechagua neno laini ili kuficha jiwe. Kiingereza kinalionyesha jiwe lenyewe.

“Instruct” ndilo litakalokusumbua kuliko yote, kwa sababu linaweza kupanda mlima badala ya kushuka. Haki yake inatokana na kujua. Mkufunzi wa udereva ni “instructor”, na mlinzi aliyepewa “instructions” amepewa maelezo ya hatua kwa hatua, si karipio. Lakini mahakamani mteja ndiye anayem-“instruct” wakili wake, hata kama mteja ni mkulima wa Meru ambaye hajawahi kukanyaga chuo na wakili ana shahada mbili. Mteja anayajua mambo yake na anajua anachokitaka. Wakili anaijua sheria. Wakili akisimama na kusema “I have no instructions”, hasemi kwamba hajafundishwa. Anasema mteja wake hajampa maelekezo, na pengine amemkimbia. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, utaisikia sentensi hiyo kwa Kiswahili pia, nawe utatakiwa kuitafsiri papo hapo.

“Bid” liache. Kama kitenzi cha kuamuru limechakaa, na kazi yake ya leo ni zabuni na minada.

SWALI: Marehemu babu, siku chache kabla ya kufariki, alituita wajukuu pale Old Moshi akatuusia tusiuze kihamba, yaani shamba letu la ukoo. Ninaandika habari zake kwa Kiingereza kwa ajili ya ndugu walio Marekani. Nimejaribu “he ordered us” lakini babu anageuka kuwa mtu mwingine kabisa.
Mjukuu, Moshi

JIBU: Umesikia sawasawa; babu hakuamuru. Mtu aliyelala kitandani, ameshika mkono wa mjukuu, akizungumza kuhusu migomba na kahawa ambayo hataivuna tena, hana njia ya kumwadhibu atakayekaidi. Nguvu ya usia inatokana na imani aliyoiweka kwenu, na kwa kuwa mwenyewe hatakuwapo, hakuna mtu mwingine wa kuutua mzigo huo.

Kuna maneno mawili ya kufikiria. La kwanza ni “enjoin”, nalo lina heshima ya dini. Wafasiri wengi wa Kurani kwa Kiingereza hulitumia pale tunaposema kuamrisha mema na kukataza mabaya. Linafaa, ila ni neno la kitabuni, na lina mtego: katika lugha ya mahakama, hasa za Marekani ambako ndugu zako wanaishi, “enjoin” ni kumzuia mtu kwa amri ya zuio. Neno moja linasukuma na kuvuta. Babu yako hastahili kusomwa kama hakimu.

La pili, ambalo sisi tungelichagua, ni “charge”. Asili yake ni kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa, na ndani ya maana ya kuusia mzigo huo bado upo: anayekupa “charge” anakutwisha kitu chake cha thamani na kukuachia njia. Andika hivi: “He called us to his bedside and charged us never to sell the family land.” Neno kihamba ukipenda liache lilivyo, kisha ulieleze mara moja tu, walio Marekani watalifurahia.

Angalizo moja la sarufi, na ulishike kabla hujatuma. Baada ya “charged us” weka “to” au “not to”, au “never to” kama tulivyofanya. Ukiweka “with” na kuandika “He charged us with selling the land”, ndugu zako watasoma kwamba kihamba kilishauzwa na kwamba babu, akiwa kitandani, aliwafungulia mashtaka.