Kupiga picha za nyota ukiwa Dar: anzia uani kwako, Kimbiji baadaye

Mkuu, umeuliza kama kamera ya Canon 1300D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi inaweza kupiga nyota, maana umepanda juu ya paa hapo Tabata ukaambulia giza tupu, na flashi ikajifyatua yenyewe. Inaweza. Mimi nilianza na mashine hiyo hiyo, tena nimeinunua mkononi kwa mtu, na mpaka leo picha ninayoipenda kuliko zote ilitoka humo. Wanaokuambia ukanunue lenzi ya mamilioni kwanza wasikutie presha.

Flashi inajifyatua kwa sababu gurudumu la juu umeliacha kwenye kijani, kamera ndiyo inaamua kila kitu. Nayo ikiona giza inadhani uko harusini. Lipeleke kwenye M, basi, hiyo imeisha.

Ukishafika M utakuta mambo matatu ya kuamua mwenyewe. Chukulia umeme umekatika usiku nyumbani. Mwanzo huoni hata mkono wako. Ukikaa kidogo unaanza kuona kiti, mlango, ndoo. Kamera ni jicho la aina hiyo, ila wewe ndiye unayeliambia lifumbuke kiasi gani na likodoe kwa muda gani.

Kufumbuka ndiyo apacha, ile namba ya f. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na wengi mwanzoni wanalielewa kinyume. Lenzi yako ikiwa kwenye 18, yaani hujaivuta, inafungua hadi f/3.5. Ukiivuta mpaka 55 inakomea f/5.6, hapo umeshatupa zaidi ya nusu ya mwanga. Kwa hiyo usivute. Baki 18.

Kukodoa ndiyo shata, na hapa kuna mpaka. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, ukiiacha shata wazi muda mrefu nyota inatoka kistari badala ya nukta. Wapigaji wana hesabu yao ya haraka: 500 gawanya kwa urefu wa lenzi (ile namba ya 18), lakini kwa kamera ya sensa ndogo kama yako urefu unauzidisha kwanza kwa 1.6. 18 mara 1.6 ni karibu 29, na 500 kwa 29 ni sekunde 17. Mimi siiamini sana. Dar tuko nyuzi 7 hivi kusini ya ikweta, nyota za utosini kwetu ndizo zinazokimbia kuliko zote kwenye picha, wakati zile za chini kabisa kusini, karibu na ncha, zinajikokota. Nikielekeza juu napiga sekunde 10 au 13. Nikielekeza kusini, 15 hainisumbui.

Ya tatu ni ISO. Hii haiongezi mwanga hata chembe. Ni kama redio inayoshika stesheni ya mbali: ukipandisha sauti, mkwaruzo nao unapanda. Kwenye picha mkwaruzo wenyewe ni zile chengachenga. Porini 3200 inafaa. Tabata hapana, taa za mji zitakugeuzia anga kuwa rangi ya chai ya maziwa. Anza na 800 kwa sekunde 8, ukiona picha bado inaungua kwa mwanga shuka 400.

Haya yote unayashika kwa jioni moja. Kitakachokutesa ni fokasi, yaani kuifanya nyota itoke nukta kali isiyo na ukungu.

Nikusimulie. Mara yangu ya kwanza kwenda Kimbiji, kule ufukweni Kigamboni, tulikuwa wawili, mimi na shemeji, tumevuka na pantoni mapema ili giza litukute tumeshafika. Njia nzima kwenye gari AC inapuliza. Tumefika ufukweni, nimetoa kamera, kioo cha mbele kikafunga ukungu papo hapo kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nikasubiri, ukaisha. Nikaweka fokasi kwa shida, nyota ya kwanza ikatoka nukta safi, nikafurahi. Baada ya kama nusu saa ukungu ukarudi, sasa ni umande. Nikavuta pindo la fulana nikafuta kioo. Kwa mkono huo huo nikaendelea kupiga mpaka saa nane usiku. Nyumbani, kwenye kompyuta, picha kumi na kitu za mwanzo ziko sawa, zilizobaki zaidi ya mia nyota zimevimba kama maandazi. Kwenye lenzi yangu ile ya boksi, ringi ya fokasi iko kwenye ncha kabisa na kioo kinazunguka nayo. Kule kufuta tu niliizungusha. Hata kurudisha kifuniko kunaizungusha.

Kwa hiyo fanya hivi. Swichi ya pembeni ya lenzi itoe AF (kamera inatafuta fokasi yenyewe) uiweke MF (unaitafuta wewe kwa mkono). Ile nyingine ya kutuliza mtikisiko, kama ipo, zima, maana juu ya stendi ya miguu mitatu inaweza kuleta mtikisiko yenyewe. Washa kioo cha nyuma uone picha mubashara, tafuta nyota kali, halafu bonyeza kitufe cha kukuza hadi mara 10. Utaona duara lenye ukungu. Zungusha ringi taratibu, duara litasinyaa, litasinyaa, liwe kitone, kisha lianze kuvimba tena. Rudi nyuma pale lilipokuwa dogo kuliko kote. Usiizungushe mpaka igote ukadhani ndiyo mbali kabisa. Ringi hii inapita hapo pa mbali kabisa na kuendelea. Sasa kata kipande cha selotepu, bandika ringi isisogee. Piga moja, ikuze, ikague. Na kila ukifuta kioo, kagua upya. Kila mara.

Nyota kali ya kufanyia hilo inategemea mwezi wa mwaka. Januari na Februari una nyota ya Shira (Sirius) juu ya kichwa na Suheli (Canopus) upande wa kusini, huwezi kuzikosa hata kwa taa za Tabata, na makundi ya nyota ya Jabari (Orion) na Kilimia (Pleiades) yako hapo hapo kwa ajili ya mazoezi. Juni hadi Agosti tumia zile mbili zinazong'aa zikiielekea Salibu, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba upande wa kusini. Mawingu yakikunyima vyote, tumia taa nyekundu ya mnara wa simu ulio mbali. Fanya hivyo uani kwako usiku kama mitano, taa zimezimwa, mpaka vidole vijue kila kitufe kilipo bila kumulika simu. Ukimulika simu macho yako yanahitaji kama nusu saa kulizoea giza tena, na mwenzako atakuchukia.

Hapo sasa ndiyo uende Kimbiji au Pemba Mnazi, ufukwe mwingine wa Kigamboni. Chagua giza la mwezi, usiku usio na mbalamwezi, msimu wa kusi (upepo wa kusini), masika yakishaisha. Katikati ya Julai, saa nne na nusu usiku hivi, kundi la nyota la Nge liko karibu na utosi na kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way) kiko nalo. Wenzetu wa Ulaya wanakiona kimelala upeoni, sisi tunalala chali kukitazama. Shemeji siku ile aliniambia tusubiri kwanza lile wingu lipite. Kumbe ndiyo Njia Nyeupe yenyewe.

Mambo ya ufukweni ambayo video za wazungu hazitakuambia: giza la mwezi ndilo bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida. Saa nne usiku maji yako mbali, mchanga mpana, unajisikia kuweka stendi kule chini kabisa. Baada ya saa sita yanarudi, na hayagongi hodi. Pia giza ndilo wakati wa wavuvi wa dagaa, utakuta taa zao zimepangana upeoni. Mimi nazipenda kwenye picha, ila kama huzitaki geukia kusini ambako hata mwanga wa Dar unauacha mgongoni. Kusi likivuma usiinue shingo ya katikati ya stendi, ning'iniza begi lako hapo chini yake, na tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. AC zima dakika 30 kabla ya kufika, fungua vioo, na begi lisifunguliwe mpaka lipate joto la nje. Usiende peke yako. Sisi siku hizi tunalipia sehemu ya kulala yenye mlinzi na kumuaga kabisa kwamba tutakuwa ufukweni.

Mwezi ukiwa mpevu usihangaike na nyota, piga mwezi wenyewe. Ule unamulikwa na jua, kwa hiyo ni kitu cha mchana: f/11, ISO 100, shata sehemu ya 1/100 ya sekunde. Na hapo ndipo unapovuta lenzi hadi 55.

Hifadhi kwa RAW (faili ghafi la kamera), si JPEG (picha iliyokwishabanwa), hata kama memori kadi inajaa haraka. Picha itaonekana ya kijivu na haina mvuto, usiifute. Ukikwama kwenye fokasi weka hapa picha moja bila kuipunguza ukubwa, useme ulipiga sekunde ngapi na ulielekeza wapi, nitakuangalizia.